Kwa Nini Shakwe Hukipigia Kelele Kila Chombo

Enzi zile, wanangu, shakwe alilala juu ya mapaa ya watu. Alikuwa ndege mtulivu. Watu wa kisiwa cha Likaia, huko Uyunani, walimpa kazi moja tu: akiona maharamia wanakuja, aite. Akiita, kina mama walibeba watoto wakakimbilia mlimani. Kwa kazi hiyo, kila nyumba ilimwekea mkate uliochovywa katika mafuta ya zeituni.

Maharamia nao walikuwa wamekwisha kumjua. Asubuhi moja walikuja na merikebu zao za makasia, na kabla hawajafika pwani wakaanza kumrushia matumbo ya samaki. Shakwe akashuka, akala. Wakarusha tena, akala tena, huku merikebu zikipita chini ya mabawa yake mpaka mchangani.

Mama mmoja wa kisiwani, Nikareta, alikuwa shambani akichuma zeituni. Aliporudi alikuta mlango umevunjwa, na binti yake Filina hayupo. Merikebu zilikuwa zimeshafika mbali, zikielekea kwenye soko la watumwa. Shakwe alikuwa juu ya paa, akijifuta mdomo kwenye vigae.

"Uliwaona?" Nikareta akamwuliza.

"Niliwaona, Mama Filina."

"Mbona hukuita?"

"Nilikuwa nakula."

Nikareta akaokota kigae. "Mkate wetu haukukushibisha? Mwanangu umemuuza kwa matumbo ya samaki!" Akamtupia kile kigae. Majirani nao wakaokota mawe. "Toka!" Nikareta akapaza sauti. "Usikanyage paa la mtu mpaka umrudishe Filina. Nenda ukaulize kila chombo, tena uulize kwa sauti, maana kunyamaza umeshatuonyesha!"

Shakwe akazifuata merikebu akilia, "Filina! Filina!" Akazifikia. Maharamia wakacheka, wakamrushia matumbo. Akanyamaza, akala. Alipoinua kichwa, merikebu zilikuwa zimetawanyika, kila moja na njia yake, naye hakujua ni ipi iliyombeba binti.

Na tangu siku hiyo shakwe hana paa. Hulala kwenye miamba, na kila chombo kinapopita hukizunguka akipiga kelele. Mrushieni matumbo ya samaki mwone: hunyamaza papo hapo. Watu wengi hucheka wakiona hivyo.

Nikareta hakucheka. Alizeeka akizisikiliza kelele zile ufuoni, na kila ziliponyamaza ghafla, aliinama akaokota jiwe.