Mtungi wa Adhabu

Kaeni kitako! Tumekaa. Masikio yako wapi? Kichwani! Basi yafungueni. Hapo kale, fisi alipokuwa bado anaaminiwa kuchunga mbuzi, pombe iliwaharibu... Mnacheka nini tena? Povu? Wapi, kwenye ndevu? Hilo ni la uji. Acha kuninusa, wewe Holo! Babu yenu katembea nchi mpaka nyayo zimelika, na bado anakamatwa kama kuku kwenye mtama. Ngojeni nijifute.

Hapo kale, basi, palikuwa na kijiji cha Isenga, na Isenga walikuwa na sheria yao. Kijana akilewa akampasua mwenzake kichwa, mama yake anapika mtungi wa pombe, kijana anaubeba mpaka barazani, wazee wanakunywa, wanafuta midomo, kesi imekwisha. Ndiyo, wajukuu zangu, mmesikia sawasawa: kosa la pombe lililipwa kwa pombe!

Na kijana aubebe mtungi asiuonje? Thubutu! Anaonja, anafika kachangamka, anarudi akipigana. Mama anapika tena. Wazee wanakunywa, wanafuta midomo, kesi imekwisha.

Nyamizi alikuwa na mwana mmoja tu, Lugoye, na alikwisha kumpikia mpaka jiwe la kusagia likabonyea. Siku moja akaletewa Lugoye kabebwa, jicho limefumba kwa uvimbe, damu mpaka kifuani. Hajamaliza kumwosha, huyo mlangoni mjumbe wa mtemi, mkuu wa Isenga.

"Mama Lugoye, kesho wazee wanakutana kuwaokoa vijana. Usichelewe na mtungi."

"Kuwaokoa na nini?"

"Na pombe, mama."

Nyamizi akarudi kumfuta mwanawe damu. Leo jicho, akawaza. Safari ijayo watamleta kafunikwa. Akajitanda nguo, akawapitia akina mama wenzake nyumba kwa nyumba.

Kesho yake mitungi ikapangwa barazani, mingi kuliko siku zote. Wazee wakatabasamu. Mtemi Kasonso akachota kwa kata, akapiga funda kubwa, akalitema miguuni kwa jirani yake.

"Haya ni maji!"

"Maji, baba mtemi," Nyamizi akajibu. "Ya mtoni. Na mitungi yote ni hayo hayo."

"Sasa kesi tutaiamuaje, koo kavu?"

"Kwa akili."

Haikuwa rahisi, jamani, hawakuizoea. Ikabidi wamwite Lugoye mwenyewe, wamwulize kunywa alianzia wapi.

"Kwenye mtungi wenu, niliokuwa nawaletea."

Baraza zima likainama. Tangu siku hiyo, kijana akilewa akamwumiza mtu, alilima shamba la huyo aliyeumizwa, na mzee mmoja akilima pembeni yake, wakiongea. Wazee walilalamikia migongo mpaka kufa kwao. Lugoye akazeeka na macho yake mawili.

Basi, wanangu, anayemkataza mtoto na aweke kata chini kwanza. Kisa nimekitua hapa. Atakayekibeba asikionje njiani.

Haya Holo, mjukuu mwema, kaniletee kibuyu changu kule nyuma ya ghala.

"Bibi kakimwaga."