Ufa Uliopakwa Masizi

Mja mzito aliyeshikwa na uchungu, akaona haya kujifunua mbele ya mkunga, hujiangamiza yeye na mwanawe. Hiyo ndiyo asili ya methali isemayo mficha uchi hazai. Wengi hudhani ni maneno ya chumba cha uzazi. Eusebio Treviño yalimkuta karakanani Brownsville, kusini mwa Texas, akiwa mtu mzima wa miaka hamsini na sita.

Kwa miaka ishirini Eusebio alichomelea matangi ya roketi, na kila roketi iliruka mara moja tu, ikaishia baharini. Bahari haikagui kitu. Mishono ya chuma, mizima na mibovu, iliimeza pamoja, naye akasifiwa kuwa fundi asiyekosea. Kisha akaajiriwa na kampuni changa yenye roketi ya kurudi: inapaa, inatua kwa miguu yake, inapaa tena, ili safari za angani ziwe nafuu. Ya kwanza ilirudi nyeusi kama chungu cha maharagwe. Kila fundi akaamriwa akague mishono yake mwenyewe.

Katika mshono wake wa chini Eusebio aliona ufa mwembamba kama unywele. Mwaka uliotangulia, msimamizi wa karakana alimfukuza mtu hadharani kwa kosa dogo kuliko hilo. Mabwana wa aina ile hupanda woga, kisha hushangaa wakivuna uongo.

"Vipi kwako, fundi mkuu?" alimtania Ofelia Cantú, mchomeleaji mwenzake. "Mimi nimekuta matundu mawili. Aibu tupu! Lakini nishasema, na nishayaziba."

"Kwangu kunang'aa kama sahani ya harusi."

"Haya bwana, wewe hukosei. Binadamu ni sisi."

Ofelia alipoondoka, Eusebio akapaka masizi juu ya ufa kwa kidole gumba, akatia sahihi fomu ya ukaguzi.

Alhamisi roketi ilipaa tena, watu wakashangilia hadi sauti zikakauka. Ilipotua, tangi lilipasuka upande wa chini, moto ukaila yote. Hakuna aliyeumia. Lakini wateja waliokuwa wakingoja kuona safari ya pili walijitoa, na mafundi mia mbili wakaambiwa kazi imekwisha.

Mkutanoni msimamizi alimnyooshea Ofelia kidole. "Aliyekiri matundu ni nani? Si wewe?"

Eusebio akainuka, macho sakafuni.

"Mwacheni. Ni mshono wangu. Niliuona ufa, nikaupaka masizi."

Ofelia hakumtukana, heri angemtukana.

"Kaka Eusebio," alisema polepole, "ungesema tu, tungeushona upya kabla ya chakula cha mchana."

Uso ulimwiva Eusebio hadi masikioni. Alitoka akipita katikati ya wenzake mmoja mmoja, na kila mmoja aligeuza macho pembeni.

Roketi iliyoundwa izae safari mia ilikufa katika safari ya pili, kwa kuwa fundi mmoja aliona haya kujifunua na bwana mmoja aliona fahari kuwaumbua wanaojifunua. Hakika, mficha uchi hazai.