Tundu Ndani ya Wimbo

Kaa kidogo usome hii. Ukimaliza, mpelekee mwenzako anayelea au kufundisha watoto.

Huko Bukoba alikuwako mwalimu wa piano, Mwalimu Kokugonza. Alisomea piano ng'ambo miaka saba, akarudi na vidole vyepesi na masikio yasiyosamehe kosa. Akawa anafundisha watoto wadogo, wale ambao wakikaa kitini miguu inaning'inia.

Mmoja wao alikuwa Asimwe, wa miaka saba. Alicheza vizuri kuliko wenzake wote, ila alikuwa na jambo lake. Kila akifika kwenye kibonyezo kimoja cha katikati, alikibonyeza na papo hapo akaiimba sauti ya kibonyezo hicho mdomoni: "Mmm." Hicho kimoja tu.

Wenzake wakambandika jina, Nyuki. Mwalimu akamkanya, akamwambia afumbe midomo kabisa. Akifumba midomo, vidole navyo vinagoma palepale.

"Jumamosi wazazi wanakuja kuwasikiliza," mwalimu akasema. "Ukiguna tena nakutoa, hutacheza. Kwani unaguna nini hapo?"

Mtoto akainama. "Nisipoimba, Mwalimu, panabaki tundu."

Neno hilo likamkaa mwalimu kichwani. Tundu gani, na piano yake ni nzima? Akaulizia mtoto anafanyia wapi mazoezi. Akaambiwa ni kanisani kijijini kwao, ambako bibi yake hufanya usafi. Ijumaa akafunga safari.

Akawakuta akina mama wanne wanadeki, bibi yake Asimwe mmojawapo. Akawaamkia, akaomba kuijaribu piano. Ilikuwa kuukuu, rangi imebanduka. Akaanza wimbo wa Jumapili, taratibu, mpaka akafika kwenye kibonyezo kile.

Kimya. Kimekufa.

Lakini wimbo haukukatika. Nyuma yake akina mama wote wanne, wameinamia matambara yao, waliguna pamoja: "Mmm." Wakaendelea kudeki.

Akarudia. Wakaguna tena, wala hakuna aliyeinua kichwa.

"Bibi, hii piano iliharibika lini?" akauliza.

Bibi yake Asimwe akashangaa. "Imeharibika? Mbona inaimba vizuri tu, mwanangu."

Jumamosi Asimwe alicheza mbele ya wazazi. Kufika pale, akaguna. Watu wakasikia na sauti ya pili inaguna naye kutoka pembeni. Kugeuka, ni mwalimu.

Funzo: Mtoto akikosea palepale kila siku, kabla hujamkanya, nenda kwanza ukaone ni pengo gani amezoea kuliziba.