Saluni ya Ngiri na Nembo ya Bati

Paukwa!

Pakawa!

Wa mbele mko tayari?

Tayari!

Na wa nyuma mnaosinzia?

Tayari!

Hapo zamani za kale, wanyama walipoendesha magari na binadamu akaenda kwa miguu, palikuwa na mji ulioitwa Mabondeni. Mjini humo palikuwa na saluni tatu: si za kusuka nywele, bali gari za kubebea watu. Hazikuwa kubwa za kumbeba Kiboko, wala ndogo za kumkunja Sungura magoti. Zilikuwa za wastani.

Ya kwanza ilikuwa ya Korongo. Nyeusi tii, na nembo ya dhahabu puani. Ikiwashwa, antena ilipanda yenyewe: vuuum!

Ya pili ilikuwa ya Kulungu. Milango yake ikifungwa, haikupiga kelele: pwi!

Ya tatu ilikuwa ya Ngiri. Ya kijivu, kama jivu la jana. Haikuwa na nembo, haikuwa na antena. Lakini ukitia ufunguo tu: ngrrr! Masika, ngrrr! Kiangazi, ngrrr! Mwenye uchungu wa kuzaa alimwita Ngiri. Mwenye msiba alimwita Ngiri. Lakini bibi harusi? Bibi harusi alimwita Korongo.

Jambo hilo lilimla Ngiri. Kila antena ilipopanda, vuuum, moyo wake uliungua, chwaa!

Ikawa Mwanakheri, mwari wa ukoo wa Kanga, amechumbiwa ng'ambo ya Mlima Ngazi. Wa ng'ambo walikuwa na desturi yao. Bibi harusi hupokewa kwa ngoma. Jua likifika utosini, ngoma hunyamaza. Ngoma ikinyamaza, lango hufungwa. Ambaye hajaingia, hata awe bibi harusi mwenyewe, hungoja hadi mavuno mengine.

Basi Shangazi Kanga akaja kuchagua gari. Saluni zikapangwa uwanjani.

Kwanza akataka zipite barabarani, atazame nani atageuka. Akapita Korongo. Mbuzi wakageuka, vifaranga wakageuka, hata Fuko asiyeona akauliza, "Nani huyo kapita?"

"Heshima," akasema Shangazi, "ni ya Korongo."

Kisha akafunga milango. Wa Kulungu: pwi! Wa Ngiri: bwa! Wa Korongo: kwacha, na kitasa kikabaki ubawani mwake.

"Chukua kitasa chako, baba," akamwambia Korongo. "Ubora ni wa Kulungu."

Hatimaye akataka zizimwe, kisha ziwashwe upya. Ya Korongo: nge-nge-nge... nge.

"Leo ina mafua tu," akasema Korongo.

Ya Kulungu: nge-nge, ngrrr. Ya Ngiri: ngrrr!

"Kutegemeka ni kwa Ngiri. Mlima ni mkali, na lango halimngoji mtu. Mwari wangu atapanda gari la Ngiri."

Vigelegele vikapigwa. Ngiri hakuvisikia. Masikioni mwake lilibaki neno moja: heshima ni ya Korongo.

Nyumbani mkewe akamuuliza, "Baba watoto, mbona umenuna? Si umechaguliwa?"

"Nimechaguliwa kama punda," akajibu Ngiri. "Korongo kasifiwa kama mfalme."

Akatwaa bati. Akalisugua kwa jivu na ndimu hadi likang'aa kama kioo. Akalichonga likawa nembo, kubwa kuliko ya Korongo. Kisha akaikaza kwa misumari mbele ya gari, kutoka taa hadi taa, pasibaki hata tundu.

Kulungu akapita, akasimama. "Ndugu yangu Ngiri, hapo ulipoziba ndipo gari linapovutia pumzi."

"Una wivu!"

"Mimi?"

"Wewe! Wewe na milango yako ya pwi!"

Kulungu akaenda zake.

Siku ya harusi msafara ukaondoka. Mbele Ngiri na bibi harusi, nyuma yake Korongo na Shangazi, nyuma kabisa Kulungu na mizigo. Ngiri hakutazama njia. Alitazama kioo, amwone Korongo, huku akiimba:

*Tazameni, tazameni,*
*nani sasa mwenye nembo?*

Wakaanza kupanda mlima. Sindano ya kipimo cha joto nayo ikapanda.

"Mjomba Ngiri," akasema Mwanakheri, "mbona kuna joto?"

"Ni joto la heshima, mwanangu."

*Tazameni, tazameni,*
*nani sasa mwenye nembo?*

Fuuuu! Mvuke ukatanda. Gari limechemka! Likasimama katikati ya mlima. Ng'ambo ngoma ilikuwa ikilia, ndu-ndu-ndu, na jua lilikuwa karibu na utosi.

Ngiri akaruka nje, akainua boneti.

"Usifungue rejeta, bado ya moto!" akapaza sauti Kulungu.

Ngiri akageuka, akamwona Korongo anatabasamu. Akafungua. Pwaaa! Maji yanayochemka yakampata usoni.

Shangazi Kanga akateremka mbio. "Korongo! Injini yako inanguruma?"

"Inanguruma, Shangazi."

"Basi usiizime, nakuomba! Mwanangu, hamia huku!"

Mwanakheri akahamia. Shangazi akamtazama Ngiri, uso umemvimba, nembo inang'aa nyuma yake. "Nilikuchagua ulivyo, Ngiri. Huyu wa bati simjui."

Korongo akaondoka, antena juu. Kulungu akafuata na mizigo.

Ngiri akabaki peke yake. Akatia pembe zake kwenye bati, akaling'oa: kwaruuu! Upepo ukaingia. Injini ikapoa. Akajaza maji, akatia ufunguo.

Ngrrr!

Gari lilikuwa zima. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Akamaliza kupanda, akateremka ng'ambo mbio, akafika langoni. Ngoma kimya. Lango limefungwa.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi mwenye gari la bibi harusi."

"Bibi harusi ameshaingia, bwana, na gari lake."

Ngiri akakaa nje ya lango, akasikiliza vigelegele.

Malengelenge ya maji yale ya moto hayakupona, yakawa vinundu. Ndiyo maana hadi leo Ngiri ana vinundu usoni. Na ukimwona anakimbia, tazama mkia wake: unasimama wima, vuuum, kama antena ya Korongo. Bado anaitamani.

Wanangu, nanyi wakubwa wenzangu: mwenye wivu hupewa chake asikione, kwa kuwa macho yake yako kwa jirani.

Hadithi yangu imeishia hapo langoni. Mimi nimeingia, nanyi ingieni mkalale.