Milia ya Masizi

Tulieni niwasimulie, na atakayejiona humu ndani asinikate kauli. Mimi nasema habari za wanyama tu.

Mwaka huo mvua ziligoma. Vuli haikunyesha, na masika nayo ikapita bila tone. Mto ukabaki mchanga, visima vikawa mashimo ya vumbi, na katika mbuga nzima ikabaki sehemu moja tu ya kutumainiwa: lambo alilolichimbisha Hayati Pundamilia.

Hayati huyo hakuwa wa mchezo. Kabla yake mbuga ilitawaliwa na simba, baba kwa mwana, na simba walikuwa wakisema wazi kwamba mwenye milia hafai kukalia kiti. "Mnyama mwenyewe hajijui kama ni mweupe au mweusi," walisema, "atatuamulia nini sisi?" Na wanyama wengine, tusifichane, walikuwa wakicheka. Pundamilia akakipata kiti hivyo hivyo. Akaufungua mto uliokuwa wa simba peke yao, kila mwenye kiu akanywa. Kisha akachimbisha lambo. Hayo ni mema yake na hayana ubishi.

Lakini kabla hajafa alifanya jambo moja la ajabu. Alimkabidhi Fisi lango la lambo, peke yake, mpaka mwisho wa maisha yake, na akatamka kwamba mlinzi huyo asiulizwe na yeyote. Fisi jamani! Mnyama ambaye hata akiota anaota anatafuna. Ila alikuwa amemsifu Hayati kila asubuhi kwa miaka saba, na nani asiyependa kusifiwa?

Fisi akalizungushia lambo boma la miiba. Mwanzoni aligawa kata moja ya maji kwa kila mnyama kila siku. Baadaye ikawa kata moja kwa siku tatu. Mwishowe akafunga lango kabisa.

"Lambo limekauka," akatangaza. "Na kuchungulia ni marufuku. Hapa ni mahali pa kumbukumbu."

Mwenyewe alizidi kunenepa, na ndevu zake zilikuwa zimelowa saa saba za mchana.

Nyati, asiyejua kuzungusha maneno, akasimama mbele ya wote. "Hayati alitutendea mengi mazuri," akasema, "lakini hapa alikosea. Maji ya wote hayawekwi mkononi mwa mmoja."

"Mmemsikia!" Fisi akapiga yowe. "Mmemsikia anavyochukia milia! Lambo hili lingechimbwa na simba, angesema simba alikosea? Mbaguzi mkubwa we!"

Nyati alifungua kinywa ajibu, akakumbuka jinsi naye alivyocheka zamani pamoja na simba. Akaona haya, akainamisha pembe. Na wote waliowahi kucheka wakainamisha vichwa. Fisi akaona kumbe neno moja linalinda lango kuliko miiba yote aliyokata.

Tangu hapo, ole wako. Ukiulizia maji, unachukia milia. Ukisema una kiu, unamtukana Hayati. Kobe alikohoa kwa sababu ya vumbi, akaambiwa kikohozi chake kina dharau, na ilibidi aombe radhi.

Mzee Simba naye hakusaidia kitu. Alikuwa amekwisha zeeka, kiti hana, meno mawili ya mbele hana, ila majivuno yote anayo. Kila aliposikia mtu analalamika, alinguruma kutoka kivulini: "Sikuwaambia? Milia hiyo!" Akikuunga mkono yeye, umekwisha. Fisi alimnyooshea kidole tu na kusema, "Mnaona mnasimama upande wa nani?"

Halafu Fisi akajipaka. Alichanganya masizi na majivu, akajichora milia juu ya madoa yake kuanzia shingoni mpaka mkiani, mchana kweupe, kila mtu anamwona. Hata mgongoni palipomshinda alimwomba Ngiri ammalizie. Kesho yake akapanda juu ya kichuguu akasema, "Sisi wenye milia tumeteseka sana."

Asiyeiona milia ya Fisi alikuwa mbaguzi, na aliyeitazama sana alikuwa mbaguzi zaidi.

Hayati aliacha mjane, Mama Sikudhani, na mtoto mmoja wa kike, Sikudhani mwenyewe, aliyekuwa bado ananyonya. Maziwa yalikauka kwa kukosa maji. Mtoto akalala chini, ulimi nje, na siku ya pili akashindwa kuinuka. Mama yake akaenda langoni.

"Shemeji Fisi," akasema, "mwanangu hajasimama tangu jana. Nigawie japo kata moja."

"Shemeji yangu, ningekuwa nayo ningekunyima? Lambo limekauka."

"Mbona ndevu zako zinadondoka maji?"

"Jasho hilo. Kazi ya kumlinda marehemu si ndogo."

"Sikiliza," Mama Sikudhani akasema. "Nilimpenda mume wangu. Lakini alikosea kukupa lango hili, na nilimwambia hivyo akiwa hai."

Fisi akarudi nyuma hatua mbili, akajishika kifua. "Shemeji! Hata wewe unachukia milia?"

Mama Sikudhani akajitazama. Kifua, tumbo, miguu yote minne, milia mitupu. "Mimi?"

"Ndio wabaya kuliko wote," Fisi akasema kwa masikitiko. "Wanaojichukia wenyewe."

Mama wa watu akaondoka analia. Njiani akakutana na Sungura, akamweleza yote. Sungura kusikia "unachukia milia" akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Kisha akamtazama yule mama usoni, kicheko kikamkauka.

Ni lazima niwaeleze kitu hapa. Ukoo wa Sungura na ukoo wa Pundamilia ni watani tangu mababu zao walipogombania nani ana masikio ya maana. Na utani mnaujua. Msibani, mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Anaigiza mwendo wa marehemu, anataja mabaya yake kwa sauti, na mfiwa haruhusiwi kununa.

"Kesho Fisi anafanya kumbukumbu ya mwaka, langoni," Sungura akasema. "Mtani wangu, nikaifanye kazi yangu?"

"Utamtukana mume wangu?"

"Nitamsema alivyokuwa."

Mama Sikudhani akafikiri. "Basi mseme. Ila fanya haraka, mwanangu hafiki keshokutwa."

Asubuhi wanyama wote wakakusanyika, midomo imewapasuka kwa kiu. Kiti cha Hayati, kilichokuwa wazi tangu afe, kiliwekwa mbele. Mama Sikudhani alimbeba mwanawe mgongoni, akamlaza juu ya mkeka. Fisi alikuwa anaingia saa ya pili ya hotuba, anasimulia jinsi Hayati alivyokuwa anamtegemea yeye kwa ushauri, mara vumbi likatimka nyuma ya watu.

Akaja Sungura, amejifunga vipande vya magome meupe na meusi mwili mzima, kifua mbele, anatembea kwa madaha kama Hayati. Akasafisha koo mara tatu, kama Hayati. "Wananchi wangu!" akasema kwa sauti ya Hayati kabisa.

Kobe akaguna. Ngiri akaziba mdomo asicheke.

"Mbaguzi!" Fisi akalipuka. "Mkamateni! Anachezea milia ya marehemu!"

Lakini aliyecheka wa kwanza alikuwa Mama Sikudhani. Alicheka huku machozi yanamtoka. "Mwacheni," akasema. "Ni mtani wetu huyo. Baba yake alipokufa, mume wangu alikuja kwao amejifunga masikio ya majani ya mgomba, na walicheka mpaka wakasahau kulia."

Sasa Fisi angefanya nini? Kumzuia mtani msibani ni aibu isiyofutika. Akakaa.

"Wananchi wangu," Sungura akaendelea, "niliufungua mto, mkanywa. Uongo?"

"Kweli!" wakajibu.

"Nikachimba lambo. Uongo?"

"Kweli!"

"Halafu nikamweka Fisi alinde maji. Mke wangu akasema, baba Sikudhani, huyo ana tumbo. Nikamwambia nyamaza, huyo ananisifu vizuri! Uongo?"

Wanyama walitazamana. Kisha Nyati, kwa sauti ya chini, akasema, "Kweli." Na Kobe akasema, "Kweli." Tangu Nyati anyamazishwe, hakuna aliyethubutu kulikiri hilo mbele ya wote.

"Basi tumalize msiba," Sungura akasema, akirudia sauti yake mwenyewe. "Mila inataka mtani awaogeshe wafiwa, uchungu uwatoke. Wafiwa wakae mkekani. Na mfiwa mkuu, akishaogeshwa, ndiye anayerithi kiti."

Hilo la kiti sijalisikia kwenye mila yoyote. Nadhani alilitunga palepale.

Fisi masikio yakamsimama. "Mfiwa mkuu ni mimi!" akaruka mkekani. "Nani mwingine ana uchungu kama wangu? Niogesheni!"

"Tungekuogesha," Sungura akasema kwa huruma, "ila maji hatuna. Lambo limekauka. Basi, kiti kitakaa hivyo hivyo."

Fisi akaangalia kiti. Akaangalia lango. Akameza mate, yeye peke yake aliyekuwa nayo ya kumeza. "Ngoja," akasema. "Nadhani yamebaki matone kidogo kule pembeni."

Akaingia mbio, akatoka na kibuyu kimejaa pomoni, yanamwagika njia nzima. Wanyama wakapiga magoti kulamba mchanga uliolowa. Sungura akakipokea, akapiga hatua mbili, akakiweka mdomoni mwa Sikudhani. Mtoto akanywa. Akanywa mpaka kibuyu kikalia kikavu.

"Na mimi?" Fisi akafoka.

"Mtoto wa marehemu huanza. Zamu yako sasa. Kalete kingine."

Fisi hakungoja kuambiwa mara mbili. Akarudi na kibuyu cha pili, mbio hivyo hivyo, hakuangalia ndani. Sungura alipokiinua, chura mnene akatoa kichwa.

"Nirudisheni!" chura akasema kwa hasira. "Nilikuwa naogelea zangu kwenye kina, mnanichota ya nini?"

"Wapi huko kwenye kina?" Sungura akauliza.

"Lamboni, wapi tena? Tangu mwaka jana halijapungua hata shubiri mbili."

Sungura akamweka chura chini taratibu, kisha akammwagia Fisi kibuyu chote kichwani. Masizi yakateremka. Majivu yakateremka. Madoa yakatokea moja moja, shingoni, ubavuni, mpaka mkiani, na mfiwa mkuu akabaki kama mama yake alivyomzaa.

Fisi akajitazama. Akawatazama wenzake waliokuwa wanasimama sasa, kimyakimya, mmoja baada ya mwingine. Akavuta pumzi ndefu, akapiga yowe:

"Mnachukia madoa!"

Kanga, ndege mdogo mwenye madoa mwili mzima, akapiga hatua mbele. "Madoa ninayo mimi," akasema. "Na kiu pia ninayo. Toka langoni."

Nyati akainamisha pembe tena, safari hii si kwa haya. Miiba ikaruka huku na huku. Na kweli, lambo lilikuwa limejaa maji mpaka ukingoni, na juu yake yungiyungi limechanua.

Wakati watu wanakunywa, Mzee Simba akajikokota kutoka kivulini, anatabasamu. "Sikuwaambia? Milia hi..."

"Nyamaza," Mama Sikudhani akamkatiza. "Ungekuwa na aibu ungenyamaza. Neno lile la kuchukia milia Fisi hakulitunga, aliliokota kwenu. Msingetudharau kweli, angepata wapi cha kuwatishia wenzetu?"

Simba akaenda kunywa mwisho wa mstari, na mbele yake alisimama Fisi, amelowa, mkia katikati ya miguu. Walinzi wa lango sasa ni Kanga na Kobe kwa zamu, na kila jioni huulizwa maswali.

Sikudhani akasimama. Miguu ilimtetemeka, akaanguka, akasimama tena. Mama yake akamwegemeza ubavuni mwake pale ukingoni, akawageukia wote.

"Mume wangu aliufungua mto," akasema. "Na mume wangu huyo huyo alimpa Fisi lango. Anayempenda ayaseme yote mawili. Mimi nimeyasema, na bado namlilia."

Hadithi yangu inaishia hapo, na aliyenuna anune. Hayati aliwaogopa simba wa mbali maisha yake yote, asimwone aliyekuwa ubavuni anamsifu: kikulacho ki nguoni mwako.