Digidigi na Akina Lulu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na vyungu jikoni, uliingia mtindo wa ajabu: kila mtoto wa kike aliitwa Lulu. Lulu wa Nyati, Lulu wa Twiga, Lulu wa Kiboko! Mama akiita, "Lulu, njoo ule!" basi pu-pu-pu-pu, kijiji kizima kimeingia jikoni.

Digidigi, mdogo kuliko wote, alikuwa mjamzito, na mtindo huo ulimkosesha raha. Mama yake, aliyemlea kwa taabu, alikuwa amefariki mwaka ule. Aliitwa Kidawa. Kabla hajakata roho, Digidigi alimwahidi kuwa akizaa binti atampa jina hilo.

"Kidawa?" Nyati aliangua kicheko. "Jina la kibibi hilo, linanuka ugoro! Lulu ndilo jina. Fupi, laini."

"Laini ni kweli, shoga, lakini ukimwita mmoja wanakuja wote."

"Sasa sisi tufanyeje? Watoto wenyewe ndio wanaochagua."

Ndivyo ilivyokuwa desturi. Mtoto akilia, hutajiwa majina, na jina atakalonyamazia ndilo lake maisha yote. Mtaja majina alikuwa Mama Tembo. Na kifungua mimba wa Mama Tembo aliitwa nani? Lulu, nani mwingine!

Digidigi akawaza: watoto wote hao wanyamazie jina moja? Mbona ajabu! Siku ya mtoto wa Nyani, akajipenyeza mpaka mbele.

"Siwema!" akataja Mama Tembo. Ngaa! akalia mtoto.

"Mwanaisha!" Ngaa!

Mama Tembo akachovya ncha ya mkonga kwenye kibuyu kidogo kilichoning'inia shingoni mwake, akampapasa mtoto mdomoni. "Lulu." Kimya!

"Kibuyuni mna nini, dada?" Digidigi akauliza.

"Maji ya baraka. Acha udadisi!"

Lakini Digidigi aliona sisimizi wakipanda kidevuni mwa mtoto. Sisimizi na maji, wapi na wapi? "Ahaa!" akasema moyoni. "Ni asali!"

Hatimaye Digidigi akajifungua binti. Siku ya jina, Mama Tembo akaja, tindi! tindi! tindi!

"Karibu, dada! Joto lote hili! Vua hicho kibuyu, unywe uji kwanza."

Mama Tembo na uji, wanangu! Akakivua, akazamisha mkonga chunguni, fyooo! Digidigi akakinyakua kibuyu, vup! hadi nyuma ya nyumba. Akamwaga asali, akatia shubiri, ile ambayo akina mama hupaka wanapomwachisha mtoto ziwa. Akakirudisha palepale.

Wanyama wakakusanyika. Mtoto akaanza kulia. Mama Tembo akachovya, akampapasa mdomoni. "Lulu!"

NGAAAA!

Akachovya tena. "Lulu! Lulu, nimesema!"

NGAAAAA! Ndege wakaruka mitini. Digidigi aliumia mno kusikia kilio kile. Akamnyakua mwanawe, akampa ziwa, akamnong'oneza, "Kidawa."

Kimya. Msiniulize kama na huo haukuwa ujanja.

"Amenyamaza! Ni Kidawa!" Digidigi akatangaza. Vigelegele vikapigwa.

Mama Tembo akatia ncha ya mkonga kinywani, akakunja uso. "Hila hizi! Nani ametia shubiri kwenye asali yangu?"

"Asali gani tena, dada?" Digidigi akauliza kwa upole. "Si ulituambia ni maji ya baraka?"

Nyati akageuka. Twiga akainamisha shingo ndefu kuchungulia kibuyuni. Nyani akamtazama Lulu wake mgongoni, kisha akamkazia macho Mama Tembo. Mama Tembo akaona haya, akaondoka bila kuaga, tindi, tindi, tindi.

Digidigi akalia kwa furaha, akimkumbatia Kidawa wake.

Nanyi wanangu, mkija kuzaa, wapeni watoto majina yatokayo moyoni mwenu, si yale mnayolambishwa.