Firigisi ya Kuku wa Mwajabu

Hapo zamani, lakini si zamani ya kuwazidi bibi zetu, alikuwapo mpika vitumbua aitwaye Mwajabu. Alikuwa na siri moja, na siri hiyo ilikuwa ikimmaliza. Damu yake ya mwezi ilikuwa haijui tena kwenda kwao. Ilikuja na mabonge, ikakaa, ikaaga mlangoni, ikarudi kabla kiti hakijapoa.

Mwajabu akipuliza moto aliona nyota, na hakusema. Alipovunja ungo, somo wake Bi Nunu alimfunda hivi: "Mambo ya huko chini ni yako na ukuta." Naye Mwajabu alikuwa mwanafunzi msikivu.

Chiku, dada wa mumewe, akaona wifi yake haswali wala hafungi. Utani ukaanza, mbele za watu: "Wifi, Ramadhani imekukosea nini?" Wanawake walicheka. Mwajabu alicheka pia, huku ameshika ukuta.

Siku moja walialikwa maulidi, na sare ilikuwa nyeupe. Mwajabu alipoinuka kwenye mkeka, Chiku aliyekaa nyuma yake akaona doa. Alinyakua jagi la juisi ya rozela, nyekundu kama nini, akammwagia lote mgongoni.

"Yarabi, mkono umeteleza!"

Wenzao wakaangua kicheko, wakasema Chiku arudishwe ndani akafundwe upya. Lakini chumbani, walikoingia kubadili nguo, Chiku hakucheka.

"Hii nyingine si rozela, wifi. Tangu lini?"

"Tangu mfungo wa mwaka jana."

"Na mimi muda wote nakutania!" Chiku akalia, kisha akamkimbilia Bi Nunu, maana mambo kama hayo hupelekwa kwa somo.

Bi Nunu alikuja na baibui lake tayari mwilini. "Nilikufunda kunyamaza," alisema. "Leo inuka, nikufunde kusema."

Hospitali wakamkuta daktari kijana, tena mwanamume. "Mama, unaumwa nini?"

"Kichwa," Mwajabu akajibu.

Bi Nunu akamfinya paja.

"Na mgongo."

Bi Nunu akamfinya tena, safari hii kwa kucha.

"Natoka damu!" Mwajabu akapiga kelele, hata foleni ya nje ikanyamaza.

Daktari hakucheka. Alimweleza kwamba damu inayolowesha kitambaa kila saa, yenye mabonge, au inayopita wiki, si ya kuzoea. Ina chanzo, na chanzo hutafutwa. Wakampima, wakampiga picha, wakakuta kinyama kimeota ndani ya mji wa mimba. Ilibidi kitolewe, lakini kwanza aongezewe damu, kwa sababu yake ilikuwa imebaki kidogo mno.

Ndipo akaitwa mumewe Shomari, fundi baiskeli, anayeogopa sindano hata ya kushonea. Akanyoosha mkono, akafumba macho, akatoa damu mpaka mwisho. Alipokwisha kutoa, akazimia kwa adabu.

Kinyama kikatolewa, Mwajabu akapona. Akachinjiwa kuku, akampika mwenyewe, akawaita wote watatu. Firigisi ni moja, na hupewa anayeheshimiwa kuliko wote. Akaiweka sahanini, katikati.

"Ni yangu," alisema Chiku. "Bila jagi langu ungeificha siri yako mpaka kaburini."

"Wewe uliyenichekea mwaka mzima?"

"Ndiyo, wifi. Nani mwingine alikuwa anakutazama?"

"Ni yangu mimi," alisema Bi Nunu. "Nilimfinya mpaka akasema."

"Somo, mlango huo uliufunga mwenyewe!" Mwajabu akasema.

"Nami nikaufungua. Wangapi hufungua?"

Shomari akakohoa. "Damu yangu inatembea humo ndani."

"Na shuka zilipoanikwa kila alfajiri," Bi Nunu akamgeukia, "uliuliza nini, bwana?"

"Nilidhani ni mambo ya kike," Shomari alisema, akaangalia vidole vyake.

Mwajabu akawatazama mmoja mmoja. Si kila nyumba hujaliwa kumpika kuku wa kupona namna hiyo, naye alilijua hilo. Kisha akakumbuka jambo: daktari alimwambia ale maini na firigisi, arudishe damu. Tena, afinywe asifinywe, mdomo uliosema ulikuwa wake.

Mkono wake ukasogea sahanini. Mikono mingine mitatu nayo ikasogea.

Haya, nyinyi mliokaa mkinisikiliza, semeni upesi maana inapoa: firigisi ile ilikuwa haki ya nani?